Nyuma ya Risiti ya Majani

Boito,
9 Februari 2025

Kwako mwanangu Antony,

Kampala inakulisha vizuri? Sisi huku tuko, tunasukuma siku. Jua limekausha majani ya chai mpaka nachuma nusu kikapu pale nilipozoea kujaza viwili. Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama jike, kichwa kigumu kama chako. Binamu yako Nyagaka amepata kazi ya matofali Kedowa, na mke wake Quinter anangoja mtoto wa pili. Magoti yangu ni yale yale. Pasta Isaiah anakusalimia. Bado anakumbuka ulivyowatengenezea kipaza sauti cha kanisa ukiwa darasa la saba.

Nimekupigia simu mara kumi na moja. Inaita mpaka inachoka. Nikasema, huyu mtoto nilimlea tangu dada yangu afariki, nikamsomesha kwa vidole hivi, basi karatasi hawezi kuiacha ikiita. Nitapeleka barua hii mwenyewe Kericho kwa ofisi ya basi, na nitamwambia yule msichana wa mizigo usipotia sahihi usipewe.

Sasa kaa chini. Nitaandika yote tangu mwanzo, maana nimechoka kusikia watu wengine wakisimulia mambo yangu.

Wewe ndiye ulituambia sanduku la bati la kikundi chetu cha wanawake, lenye kufuli tatu, limepitwa na wakati. Mteja wetu wa Poland hulipia chai ya zambarau kwa dola za mtandao, na ukasema dola hizo hazikai kwa sanduku, zinalindwa na hiki kidude kidogo kama kiberiti. Ukatutengenezea ukurasa wa kikundi, ukaandika jina letu Kikapu Kimoja juu kwa rangi ya majani. Tukitaka kutoa pesa tunaenda cyber, duka la intaneti la jirani yetu Fancy, tunachomeka kidude kwa kompyuta yake, ukurasa unasema pesa inaenda wapi, kidude kinauliza kama tunakubali, na mimi kama mweka hazina nabonyeza vifungo viwili pamoja. Miezi minane tumefanya hivyo bila neno.

Tarehe kumi na nne Januari, Jumanne, tulitaka kutoa karo ya watoto. Ukurasa ulisema inaenda kwa wakala wetu wa Kericho, yule anayetubadilishia kuwa shilingi. Nikatazama kidude. Zile herufi za anwani ya kupelekea pesa hazikuwa za wakala. Za wakala nazijua kama namba yangu ya kituo cha kupimia majani. Na chini yake kidude kikasema hakiwezi kusoma kitu kinachoombwa. Nikatoka nje, nikakupigia, na siku hiyo ulishika simu. Nilikuuliza kitu. Ukanijibu kitu. Nataka ukumbuke ulinijibu nini.

Nikabonyeza. Tulitaka karo tu, lakini pesa zote zimeenda. Kazi ya wanawake kumi na sita, Antony, kila jani limeviringishwa kwa mkono.

Hata hayo ningemeza. Lakini Jumamosi tarehe moja mwezi huu mwenyekiti wetu Dorcus amesimama kwa mkutano akasema amekupigia, na simu yake ulishika. Akasema ulimwambia mashine haina shida, labda Mama Mdogo alibonyeza vibaya. Wanawake wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini.

Maneno hayo ni yako?

Unakumbuka kwa nini walinipa hazina. Dorcus alisema, tumpe Mellen, yeye ni Mkisii, mtu wa kuja, hana ukoo hapa wa kupitishia pesa zetu. Tukacheka wote, na mimi nikicheka zaidi. Siku hizi wanasema tena mimi ni mtu wa kuja, na hakuna anayecheka. Tangu Jumamosi hakuna mtu ameingia kwangu kunywa chai. Wananisalimia wakiwa barabarani. Nachemsha birika kama kawaida, na inapoa.

Nijibu kwa mkono wako.

Mimi Mama Mdogo wako,
Mellen Mongina


Kampala,
3 Machi 2025

Mama Mdogo mpendwa,

Nimeipata barua yako na nimefurahi kuona mwandiko wako. Mimi mzima. Hapa mvua inanyesha na jua linawaka siku moja, nguo hazikauki. Mwenye nyumba ameongeza kodi lakini ni mtu mzuri. Nimejifunza kupika matoke, ingawa ukiyaonja utasema ni uji wa mgonjwa. Kazini tuko na shughuli nyingi. Nimefurahi juu ya ndama, mpe jina zuri. Mpongeze Quinter.

Kuhusu simu, samahani sana. Ilianguka ndani ya maji.

Kuhusu ile shida, Mama, haya mambo ni magumu kuyaeleza kwa barua. Mtandao ni mkubwa na wezi wake ni wengi kuliko tunavyofikiri. Hata kampuni kubwa zinaibiwa. Ukurasa nimeufunga kwa muda ili watu wachunguze. Si vizuri kulaumiana wakati uchunguzi haujaisha.

Dorcus hakunielewa vizuri. Sikusema ulibonyeza vibaya. Nilisema inawezekana. Simu ilikuwa inakatika.

Nilitaka kukuuliza, kuna kitu chochote cha siku ile mliweka? Picha, karatasi, chochote. Ingenisaidia kujua.

Usiache kula kwa sababu ya haya maneno. Msalimie Pasta.

Mwanao,
Antony Sagini


Boito,
23 Machi 2025

Kwako Antony,

Mvua imefika huku, asante Mungu, lakini ilikuja na mawe. Upande wa juu wa shamba majani yametobolewa yote. Ndama nimemwita Subira. Quinter amejifungua msichana, wamemwita Nyabate kama mama yako, nenda ukapige magoti ushukuru. Mimi nimeenda kumwona Kedowa nikamshika. Ana masikio ya dada yangu kabisa.

Simu ilianguka majini! Na ile picha ya samaki uliyomtumia Nyagaka wiki ya pili ya Februari ilitumwa na samaki mwenyewe? Njia ya mwongo ni fupi, mtoto, na yako haijafika hata kwa lango.

Umeuliza karatasi. Iko.

Ulikuwa hujazaliwa wakati kituo chetu kilikuwa na karani mmoja aliyekuwa akitula kilo mbili mbili. Unaweka kikapu kwa mizani, yeye anaandika anavyotaka, unapewa risiti, unaenda. Mwaka mzima. Siku moja mume wangu, Mungu amlaze, akaniambia, Mellen, kabla hajaandika yeye, andika wewe. Tangu siku hiyo nachota namba kwa macho yangu kutoka kwa mizani, naiandika, halafu ndipo nangoja yake. Zikikosana, nasimama hapo hapo. Karani huyo hakumaliza mwezi.

Basi na kidude chako nilikifanyia hivyo kila siku, na wewe hukujua. Kila tukitoa pesa nilichukua risiti ya majani, nyuma yake nikapiga mstari katikati. Kushoto naandika kompyuta inasema nini. Kulia naandika kidude kinasema nini. Miezi minane pande mbili zilifanana. Za tarehe kumi na nne hazifanani. Nimekunakilia kwa karatasi ndogo hapa ndani, herufi kwa herufi. Risiti yenyewe nimebaki nayo.

Mimi ni mchumaji wa majani, sikusomea mashine. Wewe ndiye ulisomea. Nisomee. Upande wa kushoto ni wa nani, na wa kulia ni wa nani, na ni nani alidanganya?

Kwa kikundi wamenipumzisha. Ndilo neno la Molly katibu, "tumekupumzisha." Wanaviringisha chai kwa Dorcus kila Alhamisi na nawasikia wakiimba ng'ambo ya kijito. Nyimbo nyingine mimi ndiye niliwafundisha. Wamesema tarehe kumi na mbili Julai wataketi mara ya mwisho. Kama hakuna maelezo, watanitoa na jina langu litapelekwa kwa chifu kama mwizi. Nimeishi Boito miaka thelathini na moja, Antony. Nimewazika wazee wao, nimewapokea watoto wao wakizaliwa. Sitaki kwenda kwa Mungu wangu na jina hilo.

Nangoja unisomee.

Mama Mdogo


Kampala,
27 Aprili 2025

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumai mlipita Pasaka salama. Mimi nilifanya kazi siku zote mbili. Nimesikia habari ya mtoto na jina la mama, nimeguswa sana. Huku nimekutumia sweta kwa ajili ya baridi ya mwezi wa saba, imebebwa na mtu wa basi.

Nimesoma ile karatasi. Mama, nakuomba kitu kimoja na usiniulize sana. Ile risiti ichome.

Nasema hivi kwa faida yako. Fikiria. Inaonyesha kwamba uliona herufi hazifanani na bado ukabonyeza. Mtu akiipeleka polisi, swali la kwanza watauliza ni hilo, na jibu lako litakuwa nini? Bila karatasi hiyo wewe ni mama aliyeibiwa tu. Ukiwa nayo unaonekana mtu aliyejua. Pia Dorcus na wengine hawataielewa, itawachanganya.

Mambo kama haya yakikaa hupoa yenyewe. Chai ya msimu ujao ikiuzwa watasahau.

Ichome, tafadhali, halafu uniambie umeichoma.

Antony


Boito,
11 Mei 2025

Antony,

Sweta imefika. Inanibana mikononi, lakini ni ya joto.

Subira ameanza kula nyasi. Nyagaka amepata malaria, amepona.

Kuhusu risiti, nimesikia.

Ulipokuwa darasa la nne ulivunja kioo cha taa ya mama yake Fancy ukicheza mpira uani kwao. Siku tatu hukusema neno. Chakula ulikuwa unakisukuma kwa sahani. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza, maana vipande ulivizika nyuma ya choo na kuku wakavifukua. Siku ya nne ulinifuata mpaka kwa mistari ya chai ukiwa na unifomu, ukanivuta nguo, ukaniambia. Sikukupiga. Tulienda pamoja kwa jirani, wewe ukiongea na mimi nikisimama nyuma yako.

Unakumbuka?

M.M.


Boito,
15 Juni 2025

Kwako Antony,

Mwezi na zaidi, hujajibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema, na mimi naungoja huo mshindo nikiwa nimeketi.

Habari za huku. Binti wa pili wa Dorcus amerudishwa nyumbani, karo. Yule mpole, aliyetaka kuwa nesi. Asubuhi namwona akipita na kikapu mgongoni kwenda kuchuma, na akinifikia anainamisha kichwa, si kwa adabu, ni kwa sababu ameambiwa mimi ndiye nilikula shule yake. Nilitaka kumwita. Ningemwambia nini?

Kanisani nimehamia benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Hakuna aliyeniambia nihame. Lakini nikiketi pale pangu pa zamani, nafasi mbili kulia na mbili kushoto zinabaki wazi, na Pasta anahubiri huku akizitazama. Nikaona nimpunguzie mzigo.

Jana nilikaa jikoni nikalia, na sikuwa na kitunguu cha kusingizia. Nakuambia wazi kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mkutano bado ni tarehe kumi na mbili Julai. Nitaenda kwa miguu yangu na nitasimama mwenyewe. Mficha uchi hazai, Antony. Mimi sina uchi wa kuficha. Wewe jitazame.

Mama Mdogo


Kampala,
2 Julai 2025

Mama,

Leo salamu nitaziweka mwisho. Nikizianza nitajificha ndani yake, kama barua zile nyingine.

Hukubonyeza vibaya. Ukurasa ndio ulidanganya, na ukurasa ni kazi ya mikono yangu.

Nitakueleza kama nilivyopaswa kukueleza Februari. Kufanya ukurasa wa mtandao uongee na kidude kama chenu si kazi rahisi, kwa hivyo wengi wetu hatuiandiki sehemu hiyo wenyewe. Kuna kipande cha programu kilichoandikwa na watu wengine, kinatolewa bure, kazi yake ni kusimama katikati ya ukurasa na kidude ili waelewane. Nilikichukua. Kanuni ni kwamba ukikichukua, unakikagua, halafu unakifungia hapo, kisibadilike mpaka wewe useme. Mimi sikukifungia. Niliandika mstari mmoja tu unaosema, kila ukurasa ukifunguliwa, nenda ukalete kile kipya zaidi. Ilinipunguzia kazi. Ni kama kumpa kila apitaye njiani mkebe wako apeleke maziwa, na usifunue kifuniko hata siku moja.

Asubuhi ya tarehe kumi na nne Januari mtu aliingia kwa wale wanaokitengeneza, akaweka chake chenye sumu. Kilikaa saa chache tu. Ninyi mlifungua ukurasa ndani ya saa hizo. Ukurasa ukaonyesha jina la wakala, lakini kwa kidude ukapeleka ombi lingine kabisa, la kumruhusu mwizi achukue kila kitu.

Na kwa nini kidude kilisema hakiwezi kusoma? Hiyo pia ni mimi. Kidude kikitoka dukani hukataa kitu kisichosomeka. Kufanya kila aina ya ombi la ukurasa wetu isomeke kungenichukua wiki mbili zaidi, na mteja wa Poland alikuwa anangoja. Nilipokuja Boito kuwafungulia, nikaingia ndani ya mipangilio nikakiambia kikubali hata kisichosomeka. Mlikuwa mnanikaangia kuku. Nilifanya nikiwa nimeketi kwa kiti chako.

Ile siku nilijua baada ya saa moja. Wenzangu kazini walikuwa wanaongea juu yake. Nikafunga ukurasa wenu kabla hujanipigia mara ya pili, na simu yako ikaanza kuita, nikaifungia ndani ya droo. Dorcus alipopiga kwa namba nisiyoijua, nilishika, na mdomo wangu ukasema ule uongo hata sijafikiri. Niliogopa. Nina wateja wengine watatu, nina jina hapa. Huko nyumbani mimi ni yule mtoto wa kikapu aliyefika mbali. Nilitaka kubaki huyo.

Na ile simu ya kwanza. Nakumbuka, Mama. Nimekumbuka kila siku. Uliniuliza, "Antony, kompyuta inasema hivi na kidude kinasema vingine, niamini gani?" Na mimi nilikuwa kwa mkutano, nikakuambia, "Amini kompyuta, Mama, hizo herufi za kidude ni kawaida, bonyeza tu." Kidude hicho kinatengenezwa kwa sababu moja, kwamba kompyuta ikidanganya, chenyewe kiseme ukweli. Kilisema. Wewe ulikisikia, mwanamke wa darasa la sita, kuliko mimi niliyelipwa kusikia. Nikakukataza.

Halafu nikakuambia uchome ushahidi wako. Hiyo sijui nitaiomba msamaha vipi. Sitajaribu kwa karatasi.

Bahasha ya pili ni ya Dorcus. Sijaifunga, isome kwanza. Nimemwandikia kwamba programu yangu ilikuwa na kosa, wewe huna hatia, na nitawajibika. Nimeipeleka na basi la leo ili ifike kabla ya tarehe kumi na mbili.

Sasa salamu. Uko mzima, Mama? Magoti? Subira anakua?

Antony


Boito,
20 Julai 2025

Kwako mwanangu Antony,

Mimi mzima. Magoti yanauma kwa baridi, sweta nimeikata mikono nikaishona upya, sasa inanitosha. Subira amekuwa mtundu, amekula kitambaa cha meza cha Molly kilichokuwa kimeanikwa, na Molly amecheka. Ndiyo, Molly alikuwa kwangu. Mtoto Nyabate ameota jino moja. Pasta Isaiah amenirudisha benchi langu kwa kunishika mkono mbele ya watu, mpaka nikaona haya. Mvua haijaacha, na majani yanaota haraka kuliko vidole.

Barua ilifika Ijumaa jioni, siku moja kabla. Mshindo wako unapenda kukaribia mlango ndipo upige.

Nilimpa Dorcus bahasha mbele ya wote. Akaisoma kwa Kiswahili, halafu akawarudia wale wakubwa kwa Kipsigis, pole pole. Chepyegon, mama mzee kuliko sisi wote, ndiye alitoa sauti kwanza, akasema, "Kongoi, Mellen, asante, umetubebea mzigo." Kisha akaanza kulia, na ukijua mama huyo, hakulia hata kwa mazishi ya mume wake. Wamenirudishia kitabu cha hazina. Binti wa Dorcus alinifuata nyuma ya nyumba akanishika miguu. Nilimwinua nikamwambia aache, yeye hajakosa.

Jioni Dorcus alikuja peke yake. Aliingia bila kubisha, kama zamani, akaketi, akanywa vikombe viwili na sukari yake nyingi. Halafu akaniuliza, "Mellen, barua ya mtoto inasema programu ilidanganya. Sawa. Lakini tunakujua, wewe hulinganisha namba zako kila mara, kama kwa mizani. Kama uliona hazifanani, kwa nini ulibonyeza?"

Unaona, Antony. Barua yako kwangu ina ile simu. Barua yako kwa Dorcus haina. Nimezisoma zote mbili mara tatu nikitafuta, nikidhani macho yangu yameanza kuniacha.

Nilimwambia Dorcus, swali hilo lina mwenyewe, ngoja aje.

Sasa mimi pia nikuambie langu. Ile jioni ya tarehe kumi na nne Januari, kabla ya Fancy kufunga cyber, nilimwonyesha risiti. Yule msichana amesoma, si mjinga. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akafungua kitu kwa kompyuta yake, akaniambia, "Mama Mellen, ukurasa ndio umedanganya. Na ukurasa ni wa Antony. Peleka hii karatasi kwa Dorcus sasa hivi, itakutoa lawamani." Nikamwapisha kwa Biblia asiseme. Miezi sita amebeba siri hiyo, maskini, na kila akiniona benchi la nyuma alikuwa anatoka nje ya kanisa kabla ya sala kuisha.

Kwa hivyo nilijua kabla ya barua ya kwanza. Nilipokuambia unisomee, nilikuwa nimeshasomewa. Ningetoa ile karatasi Februari, mimi ningekunywa chai na watu, na wewe ungezikwa hapa Boito ukiwa hai. Sikutaka uvutwe. Nilitaka uje mwenyewe kama siku ya kioo cha taa. Lakini usidhani nilikuwa malaika. Nilikukasirikia mpaka nikakosa usingizi. Ulipoandika nichome, nilitoka nje nikasimama kwa mistari ya chai nikasema jina lako kwa sauti, vibaya, Mungu anisamehe. Nilijuta kwamba nilikuchumia majani usome. Siku mbili nilijuta. Ya tatu ikapita.

Kikundi kimeamua hivi. Jumamosi tarehe tisa Agosti uje. Si barua, wewe. Utasimama kwa Dorcus mbele ya wanawake kumi na sita. Halafu utakaa huku mpaka uandike ukurasa upya, na safari hii kidude kiseme kwa Kiswahili kinachosomeka, pesa hii inaenda kwa nani na ni kiasi gani, na kikishindwa kusoma kikatae. Hicho kizuizi ulichokizima utakiwasha wewe mwenyewe tukiona. Na vifungo tutabonyeza watu watatu, kama zile kufuli za sanduku. Kuhusu kilichopotea, watakuambia wao wenyewe, hayo si ya barua.

Kuku nitachinja. Usifikiri nimesahau kupika.

Ndani ya barua hii nimeweka ile risiti. Sikuichoma. Ni ya kituo chetu, kilo kumi na tisa za majani mabichi, na nyuma yake ni maandishi yangu ya siku ile. Kushoto kompyuta, kulia kidude. Lakini nilipokunakilia Machi niliacha mstari mmoja, ule wa chini, niliouandika nje ya cyber nikiwa nimeegemea ukuta, kabla sijarudi ndani kubonyeza. Hata Fancy nilimfunikia kwa kidole.

Umeandikwa hivi: "Saa tano na nusu. Nimemwuliza Antony. Amesema bonyeza."

Uje nayo tarehe tisa. Uwasomee wewe, na mimi nitasimama nyuma yako.

Mama Mdogo wako,
Mellen Mongina